Miaka Niliyopiga Kelele Juu ya Nyundo

Nikisema nimestaafu watu hucheka, kwa sababu sijafika hata miaka thelathini na kichwani sina mvi hata ya kuazima. Lakini kazi imeisha kweli, na imeishia kooni. Daktari alinipitisha kamera ndogo kinywani, akatazama, akaniambia nyuzi za sauti zimeota sugu kama kiganja cha mtu wa jembe. Mkulima akiota sugu anaendelea kulima. Mtangazaji wa gemu akiota sugu kooni anarudi kwao Endebess kukamua ng'ombe, na ng'ombe, nashukuru, hawahitaji kuelezwa kinachoendelea. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mnaoshika maikrofoni sasa, huku Kitale na kule Bungoma, maana mmekuwa mkiniuliza maswali na mimi siwezi kuwajibu kwa mdomo. Habari za mshahara nitaziruka. Zilikuwa fupi.

Kwa yule ambaye atasoma haya na haijui kazi yetu, nieleze. Kibanda cha gemu kina watu wachache wanaocheza na wengi wanaotazama. Zile gemu kubwa zina hadithi ndefu kama sinema, lakini zinaongea Kiingereza cha puani, cha haraka, na mtu aliyeshuka kutoka mashamba ya Kwanza kuuza mahindi hawezi kukaa hapo akodoe macho tu kama anayetazama mvua. Basi mchezaji mmoja hodari anashika pedi ya vitufe, wengine wanajaza mabenchi, na mtangazaji anasimama kando ya skrini anaisimulia yote kwa Kiswahili. Anakuwa sajini, anakuwa adui, anakuwa mbwa, anakuwa mlango unaolia. Sauti ya runinga yenyewe inazimwa kabisa.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyopewa, na aliyenipa ni Baba Shamim, mfanyabiashara wa Bungoma aliyekuwa na kibanda Kitale. "Runinga ikiongea na wewe ukiongea," aliniambia, "mteja atasikia soko. Mmoja anyamaze. Na mimi sikulipi unyamaze."

Nilivyoingia ni hivi. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, niko Kitale kwa shangazi, na siku hiyo nilikuwa nimeenda pale kuchaji simu. Mtangazaji wao hakuja. Mchezaji akawa anacheza kimya, na karibu yangu alikaa mama mmoja na kuku kwenye kikapu, akaniuliza, "Huyu anakimbia nini?" Nikamweleza. Akaniuliza tena, nikamweleza tena, kwa sauti kidogo zaidi. Nilipokuja kushtuka, benchi zima lilikuwa limenigeukia mimi, si skrini. Baba Shamim akatoa kichwa kwenye kidirisha chake cha kulipia.

"Wewe msichana, unaongea bure ama unataka kazi?"

"Nataka kazi."

"Basi simama. Ukikaa sauti inakunjika."

Siku ya kwanza rasmi nilimtangaza mtu aliyekuwa amekufa kama vile yuko hai, nikampa maneno, nikampa hata mchumba. Wateja walinisahihisha kwa kelele mpaka nikatoka jasho. Lakini nilirudi kesho yake. Nilikuwa na ndoto, na mpaka leo ninayo, kwamba siku moja mtu atasikia sauti yangu akiwa barabarani ageuke arudi nyuma. Nilifikiri hiyo ndiyo kazi yenyewe: kumgeuza mtu.

Kuhusu vifaa, sikieni. Maikrofoni ivalishe soksi safi, ya mtoto ndiyo inakaa vizuri, la sivyo kila "p" italipuka kama bunduki na utakosa pa kuweka bunduki zenyewe. Pedi inayotembea yenyewe, ile ambayo sajini anaenda kushoto na hakuna aliyemgusa, ifungue uisafishe kwa pamba na spiriti kabla hujamlaumu mchezaji. Usinywe soda baridi kabla ya kutangaza. Tangawizi, maji ya uvuguvugu, na kama una mafua usijifanye shujaa, mimi nilijifanya na mmeona. Msimu wa mvua stima ya Kitale huenda na kurudi, kwa hiyo weka hadithi akilini. Ikizimika katikati ya vita endelea kusimulia gizani. Watu hawataki kurudishiwa pesa, wanataka kujua kama jamaa amepona.

Sasa damu. Kuna gemu zina damu kama mchuzi uliomwagika. Za mizuka, kwa mfano: unakata kichwa, kinaruka, kinaanguka kwenye ndoo, watu wanaanguka kwa kicheko. Hizo zimetengenezwa zikushtue, ushtuke, ucheke, uende nyumbani ule ugali. Sioni dhambi hapo, na nilikuwa moto kwa hizo. Nilikuwa na maneno ya kila aina ya kifo. Ubongo ulimwagika kama uji wa wimbi, utumbo ulifunguka kama kamba ya mzigo, na kila mara kibanda kizima kilisema "Aiii!" kwa pamoja. Hiyo "Aiii" nilikuwa naingoja kama mtu anayengoja jina lake lisomwe.

Nje ya kibanda, ukuta kwa ukuta, alikaa Mama Nekesa, muuza mboga. Kati yetu ni mabati tu. Yeye hakuwahi kuona picha hata moja, alinisikia mimi tu.

"Leo umeua wangapi, Chebet?" alikuwa akiniuliza nikitoka.

"Wengi, Mama. Nimeacha kuhesabu."

"Na hawa wote unawazika wapi?"

"Wanapotea tu wenyewe."

"Ati wanapotea!" Alinyunyizia sukuma maji na kutikisa kichwa. "Hiyo damu yote ni ya nini, mwanangu?"

Nikamwambia ni ya kuleta watu. Aliniangalia, akaniambia watu wanakuja hata kwa mazishi. Nilimwalika mara nyingi aingie aone. Hakuingia. Alisema ameshasikia, inatosha.

Halafu ikaja ile gemu. Jina lake kwenye kava ni refu la Kizungu, sisi tuliita Nyundo, kwa sababu ya mahali pamoja tu. Ni hadithi ya sajini ambaye kijiji chake kimechomwa, anawatafuta waliochoma. Karibu na mwisho anamkamata mmoja wao, amemfunga kwenye kiti ndani ya stoo, na mezani kuna nyundo. Hapo gemu inasimama. Haiendi mbele mpaka mchezaji mwenyewe afinye kitufe, na akifinya nyundo inashuka mara moja. Inasimama tena. Afinye tena. Hakuna mlango mwingine, hakuna kuruka. Mateka anatazama tu, na inangoja.

Mimi nilifikiri inaningoja mimi nimalize kuongea.

Na niliongea! Nilimsimulia huyo mateka kuanzia ukucha. Kila nyundo niliipa mlio wake, nikageuza sauti nikawa mfupa, nikawa meno. Watu walisimama juu ya mabenchi. Siku za Nyundo hapakuwa na pa kuweka mguu, wengine walitazama wakiwa wamening'inia mlangoni, na mimi nilikuwa malkia wa Kitale, angalau kuanzia kibandani mpaka steji ya matatu za Kiminini.

Ndipo Baba Shamim akamleta Wafula.

Alimtoa Bungoma, kijana mrefu, mpole, mchezaji mwenye vidole ambavyo sijawahi kuviona tena. Alikuja kucheza, na siku moja kwa wiki atangaze ili mimi nipumzike. Kupumzika! Siku yangu ya mapumziko ya kwanza nilioga, nikavaa vizuri, nikaenda moja kwa moja kibandani kuona atakavyoshindwa. Nilikaa nyuma kabisa karibu na ukuta wa mabati, leso kichwani, kama mtu wa kanisani aliyeingia baa.

Alikuwa wa kawaida. Sauti ya chini, maneno machache, mzaha mmoja hapa na pale. Nilifurahi, sitawaficha. Wakafika kwenye stoo. Kijana wa bodaboda ndiye alikuwa na pedi. Wafula akasema, "Huyu kwenye kiti anaitwa nani? Hatujui. Hajaambiwa aseme." Kisha akashusha maikrofoni akaiweka chini.

Nikangoja aiokote. Hakuiokota.

Runinga ilikuwa imezimwa sauti, kwa hiyo hapakuwa na kitu. Ukimya ule wa watu wengi mahali padogo, mnajua ulivyo, unasikia mtu akimeza mate. Mateka anatazama. Yule wa bodaboda akageuka akamtazama Wafula, Wafula akatazama skrini. Kijana akarudisha macho, akafinya. Nyundo ikashuka bila mlio wowote. Hakuna aliyesema "Aiii." Kuna mtu alisema "Ah," polepole, kama aliyejikata kwa kisu cha jikoni.

Mlango ukafunguka na Mama Nekesa akaingia, mikono bado ina maji.

"Kuna nini? Mbona mmenyamaza? Nimefikiri mmekufa."

Akageuza uso akaona skrini, akaona yule mtu kwenye kiti. Akaweka mkono mdomoni.

"Mwacheni," akasema. "Si mmwache tu, jamani."

"Haiwezekani, Mama," yule kijana akasema, na sauti yake ilikuwa imeharibika. "Nisipofinya haiendi."

"Basi isiende."

Nilikaa pale nyuma na leso yangu, na wivu ukanishika kama homa ya malaria, na baridi yake na joto lake. Miaka yote ile nilikuwa nimepiga kelele upande huu wa mabati na yule mama hajawahi kuvuka. Huyu amenyamaza mara moja, mama ameingia. Kijana wa bodaboda alipotoka akataka kununua sukuma kwake, akaambiwa, "Usinishikie mboga na hiyo mikono. Kanawe kwanza." Watu walicheka, hata yeye mwenyewe alicheka. Lakini nilimwona akienda kwenye ule mtungi wa maji na bomba uliobaki tangu wakati wa korona, akanawa, na hakunawa kwa mzaha.

Nilimngojea Wafula afunge.

"Wewe umeletwa hapa kuongea, si kuomboleza."

"Niongee nini, dada? Si wote wanaona."

"Basi hata mimi nikae. Si wote wanaona!"

"Zile za mizuka wewe ni moto, sikufikii hata robo. Hizo zinataka kelele. Lakini hii, huyu aliyeitengeneza hakutaka tushangilie."

"Alikupigia simu?"

Akacheka. Hiyo ndiyo shida ya Wafula, huwezi kumkasirisha. "Angetaka tushangilie angefanya iende haraka. Angalia vile inangoja. Mtu hawezi kukaa aweke kitu kingoje hivyo bure. Na tena, dada, ukifungua sauti ya runinga pale..."

"Sauti ni mimi," nikamwambia, nikaenda zangu.

Tukaendelea hivyo, siku zangu na siku yake. Wateja wangu walikuwa wengi, wake walikuwa wachache, na mimi badala ya kuhesabu wangu nilikuwa natazama wake wanavyotoka. Walitoka taratibu. Mmoja alikuwa anasimama mlangoni kama aliyesahau kitu. Nilitamani kuwauliza wamesahau nini.

Wakati huo Baba Shamim alikuwa anajenga kibanda kipya Bungoma mjini, si mbali na msikiti. Skrini kubwa kama mlango wa duka, spika mpya, mabenchi yenye migongo. Maikrofoni moja. Akatuambia sote wawili twende siku ya kufungua, kila mmoja atangaze ile sura ya stoo, atakayeshika watu ndiye atabaki Bungoma, mwingine atarudi Kitale. Kwangu hiyo haikuwa habari ya Bungoma. Nilitaka tu, mbele ya watu na mchana kweupe, ijulikane kati ya sauti yangu na ukimya wake ni kipi kinachoshika watu.

Nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Nilienda buchari kusikiliza shoka linavyolia kwenye mfupa. Muuza nyama akaniuliza nataka kilo ngapi, nikamwambia nataka mlio tu, akanifukuza.

Siku yenyewe Bungoma walijaa. Wakulima waliovaa za kanisani, wafanyakazi wa ofisi, vijana wa mjini, wazee wachache waliotoka msikitini na Baba Shamim. Wafula alitangulia. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda najaribu milio yangu, karibu na jenereta, kwa hiyo niliyokosa kuyaona nilisimuliwa, ila kelele nilizisikia. Alifika kwenye stoo, akasema maneno yake machache, akaweka maikrofoni chini. Kisha akafanya kitu ambacho Kitale hakuwahi kufanya: akachukua rimoti akaongeza sauti ya runinga.

Watu wa Bungoma walikuwa wamekuja kusikia mtangazaji. Wakaona mdomo umefungwa.

"Maikrofoni imekufa!"

"Fundi! Fundi wapi?"

"Mpe ingine huyo kijana, bana!"

Kila mtu akawa anaonyesha waya. Wafula anainua mkono kuwaomba watulie, wao wakafikiri anaita fundi. Fundi wa Baba Shamim, mtu mwenye bidii, akaruka mabenchi mawili, akashika waya ya kwanza aliyoiona akaing'oa, na ilikuwa ya runinga. Skrini ikawa nyeusi. Kibanda kizima kikamshangilia fundi kwa kujaribu.

Runinga iliporudi, mimi nikaingia. Jamani, nilitangaza. Yule mateka nilimpiga mpaka nikamtoa ukoo wake wote. Nilitoa ule mlio wa buchari, mzee mmoja akashika goti lake mwenyewe. Wakasema "Aiii!" mpaka mabati yakaitikia. Walinibeba, kweli walinibeba, na nilipokuwa juu ya mabega ya watu nilitazama kama Wafula ananiona. Alikuwa ameinama anamsaidia fundi kukunja waya.

"Kazi ni yako, mama," Baba Shamim akasema.

Wafula akanishika mkono. "Hongera, dada. Leo umeua kweli."

Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Nimelala na hiyo sentensi mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Nikabaki Bungoma, na miaka ya Bungoma ilikuwa mizuri. Adhana ikianza tunazima maikrofoni mpaka iishe, na wateja walizoea kunyoosha miguu wakati huo. Jioni ya siku ya soko nilikuwa nasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mtu aligeuka kweli akarudi, nilimwona kwa macho yangu, mwanamume na baiskeli. Ndoto yangu ilitimia hivyo, siku ya kawaida, na nilikuwa katikati ya kukata mtu kichwa kwa hiyo sikuweza hata kufurahi vizuri.

Lakini habari za Kitale zilikuwa zinanifuata. Siku moja vijana wawili wanaongoja zamu walikuwa wanaongea kando yangu.

"Unajua kule Kitale kuna jamaa hatangazi?"

"Sasa anafanya nini?"

"Anakuacha."

"Anakuacha aje?"

"Anakuacha tu na hiyo kitu. Ukitoka huko, wewe huongei mpaka Kiminini."

Nikawatazama wateja wangu wakitoka. Wangu walikuwa wameanza kuongea kabla hawajafika mlangoni, ni mpira, ni bei ya mbolea, ni nani amekula chapati ya nani. Walifurahi. Walikuwa wamenisahau pale pale. Nikafikiria ule mwendo wa kutoka Kitale mpaka Kiminini, mashamba ya mahindi huku na huku, na mtu hasemi kitu, na amebeba kichwani kitu alichopewa na Wafula. Nilitaka huo mwendo uwe wangu. Nilikuwa na kibanda kikubwa, spika mpya na mabega ya watu, na niliutaka huo mwendo.

Nikajaribu. Mchana mmoja kwenye stoo nilinyamaza. Nilivumilia kidogo, nikaona mtu anapiga mwayo, nikashika maikrofoni nikasema, "Jamani, mnaona vile nimenyamaza?" Wakacheka sana. Sikujaribu tena.

Mkiniuliza basi kuhusu damu, kwa maana hilo ndilo mnaloniuliza kila mara, ni ipi ya kupigia kelele na ipi ya kuachia, jibu langu la miaka hiyo lilikuwa hili: jaribu kuitoa damu hadithini kichwani mwako. Kama hadithi inabaki vile vile, ilikuwa ni rangi, ipake unavyotaka. Kama inaanguka, shika mdomo. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu hivyo na wao wakidhani ni langu. Nililipata kwa mteja aliyelisikia Kitale kwa Wafula.

Koo lilianza kama mchanga. Kisha sauti ikawa inakatika katikati ya vita, na watu wakaanza kuita fundi kwangu pia. Daktari aliposema nisiongee, hata kunong'ona marufuku, kunong'ona ni kubaya zaidi, Baba Shamim alikuja nyumbani na mkewe na ndizi, akakaa kimya nami kwa muda mrefu, yeye aliyenifundisha kutonyamaza. Kisha akaniambia amemwita Wafula aje ashike Bungoma. Nikaitikia kwa kichwa. Hamjui jinsi ilivyo kuona wivu bila sauti. Hauna pa kutokea.

Asubuhi ya kumkabidhi nilifika mapema kabla hatujafungua. Yeye alikuwa ameshafika, na begi lake dogo, amekaa kwenye ngazi. Amenenepa kidogo. Nilifurahia hilo.

"Dada Chebet. Pole sana."

Nikamwonyesha swichi, soksi, pedi ipi inatembea yenyewe. Niliyotaka kusema niliandika kwenye simu nikamwonyesha. Tulipomaliza akawasha mashine, akaniletea pedi.

"Umewahi kucheza Nyundo wewe mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa. Mtangazaji hachezi. Mtangazaji anasimama kando, ameipa skrini bega na ameukabili umati. Miaka yote ile nilikuwa nimeitazama stoo kwa jicho moja.

"Hebu kaa."

Nikakaa kwenye benchi, akakaa kando yangu, akaifungua ile sura, akaongeza sauti ya runinga. Maikrofoni ilikuwa mezani. Yuko kwenye kiti, yule mateka niliyemsimulia mara nyingi kuliko ndugu zangu. Na alikuwa anaimba.

Si kuimba hasa. Mdomo umefungwa, anavuma wimbo mdogo puani, kama mtu anayelaza mtoto. Pumzi inamkatika mahali pale pale kila mara, ananyamaza, anameza, anaanza tena mwanzo. Anakatikia tena pale. Anaanza tena. Ni wimbo mfupi tu, mtu mwenye pumzi angeumaliza kabla hujavuta kiti. Nikangoja aumalize. Gemu nayo inangoja. Kidole changu kiko juu ya kitufe, na nikaona kwamba nikifinya ndiyo nitakuwa nimeukata.

Nikaweka pedi mapajani nikaandika kwenye simu: Hii sauti imeongezwa lini kwenye gemu?

"Haijaongezwa. Iko tangu mwanzo."

Ulijua?

"Nilikuwa nafanya mazoezi na hedfoni kule Kitale. Ndiyo nikasikia. Ile siku ya kufungua hapa, nilitaka na wao wasikie."

Nikaandika kwa nguvu, kidole kikipiga kioo: NA HUKUNIAMBIA.

Wafula akaisoma, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona amechoka na mimi.

"Dada Chebet," akasema, "ungenyamaza saa ngapi nikuambie?"

Nilicheka. Haikutoka sauti, mabega tu yalitikisika mpaka machozi yakaja, naye akacheka, na yule mtu kwenye kiti akakatikiwa na pumzi, akaanza tena. Nikafikiria kwamba mahali fulani, nchi nisiyoijua, kuna mtu aliitwa kazini asubuhi, akasimama mbele ya maikrofoni kama yangu, akaambiwa, vuma wimbo na ushindwe kuumaliza. Akafanya. Hakuna hata tone la damu hapo. Nikamwonea wivu huyo mtu kuliko nilivyowahi kumwonea Wafula.

Mlango wa mabati ukagongwa. "Fungueni bana! Mmelala?" Walikuwa wameshajaa nje, nasikia wanasukumana, mmoja anasema leo ni yule wa Kitale, mwingine anauliza na yule dada je. Wafula akanyoosha mkono kuchukua pedi.

Nikamzuia kwa kiwiko. Pedi ikabaki mapajani mwangu. Nikamwonyesha runinga, nikainua kidole gumba juu, nikainua tena, mpaka akaelewa kwamba nataka aniongezee sauti.